Mtani Nyuma ya Goli

Korogwe nzima iliamini kwamba Mwalimu Mdoe ana macho ya mwewe. Akiwa amekaa kwenye benchi lake pembeni mwa uwanja, alimwona winga wa ng'ambo ya pili akipangusa pua, akamkaripia kwa jina: "Mbaruku! Pua haichezi mpira, miguu ndiyo inayocheza!" Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mzee yule, walisema, hata sisimizi akivuka mstari atampigia kelele za ofsaidi.

Sasa sikiliza maajabu. Mwalimu Mdoe alikuwa haoni.

Si kipofu, la. Ugali aliuona, na nyama juu ya ugali aliiona kabla ya wenzake. Mtu akija karibu kiasi cha kupeana mkono alimtambua vizuri kabisa. Lakini kuanzia hapo kwenda mbele, dunia yote ilikuwa uji. Wachezaji kwake walikuwa vivuli vinavyokimbizana bila sababu, na mpira wenyewe hakuwa ameuona tangu mwaka wa nyuma, isipokuwa siku ile ulipompiga tumboni. Na miwani hakutaka hata kuisikia. Mwalimu wa mpira mwenye miwani, alisema, ni sawa na mbwa wa kuwinda mwenye mkongojo.

Macho ya mwewe yalikuwa ya Simeo.

Simeo alikuwa mchuaji wa timu, Mnyamwezi aliyeletwa kwa lori kuja kukata mkonge, akaishia kuchua misuli ya watu kwa sababu mikono yake ilikuwa na heri kuliko panga lake. Vifaa vyake vilikuwa ndoo ya maji, kitambaa, na chupa ya dawa aliyoichanganya mwenyewe, yenye harufu ambayo wengi walipona kwa kuikimbia. Siku ya mechi aliigeuza ndoo akaikalia kando ya Mdoe, akawa ananong'ona bila kufumbua mdomo sana: "Kulia wamelala. Namba tano anapiga soga. Mbaruku anapangusa pua." Mdoe alipokea na kulipuka kwa sauti yake ya radi, na sifa zote zikaenda kwa radi.

Na siri yao ilikaa salama, kwa kuwa wawili hawa walikuwa watani. Wazigua na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, babu zao wakitukanana njiani ili mizigo ipungue uzito. Na utani una sheria moja kubwa: hakuna kununa. Anayenuna anatozwa. Kwa hiyo Simeo alimwambia Mdoe lolote mbele za watu, Mdoe akamrudishia maradufu, na watu wakacheka bila kusadiki hata neno moja.

Mambo yaliharibika msibani.

Mama mkwe wa Mdoe, yaani mama wa mkewe Yuditha, alifariki kule Kilole akiwa amekula chumvi nyingi. Simeo alikuja na Wanyamwezi wenzake kufanya kazi ya watani. Kwanza walilala chali njiani mbele ya jeneza. "Haendi mtu! Bibi huyu anaondoka hajatupikia!" Wafiwa wakawapa jogoo, njia ikafunguka. Baada ya maziko Simeo alijitwalia kofia ya Mdoe, akaivaa, akatoka ndani akipapasa ukuta. Akaukumbatia mpapai na kuulilia: "Pole shemeji, msiba umekukondesha hivi!" Kisha akamwendea beberu aliyefungwa uani, akapiga goti.

"Shikamoo, mama mkwe! Kumbe umefufuka? Na ndevu umeota!"

Waombolezaji walicheka hadi wakapoteza wimbo. Yuditha mwenyewe, kichwa kimefungwa kitambaa cha huzuni, alijishika mbavu. Mdoe naye alicheka kama sheria inavyotaka, ila mgongo wake ulikuwa umelowa jasho.

Mtu mmoja tu hakucheka: Yordani, karani wa kambi ya shamba la mkonge. Yordani alitoka mbali, kwao hawakuwa na utani na mtu yeyote, na hilo lilionekana hata katika namna alivyovaa soksi. Alikuwa amepelekwa Dar es Salaam kufundishwa kufundisha mpira, akarudi na kipenga kipya kisicho na mahali pa kupigwa, maana timu ilikuwa na mwalimu tayari. Alimtazama Simeo akimsujudia beberu, akajiambia: lisemwalo lipo.

Kesho yake alikuwa barazani kwa meneja wa shamba, Mwingereza ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kofia. Bwana Kofia alikuwa na miwani minene na ugonjwa mmoja, wa kupenda mila. Akikuta wazee wanakunywa togwa, alikaa nao akiwauliza kwa nini wanakunywa togwa.

Siku iliyofuata alikuja mazoezini.

"Mwalimu," alisema, kwa Kiswahili chake cha mashambani, "Yordani nasema macho yako kwisha. Mimi sijui. Jumapili, ile mechi ya Handeni, Simeo takaa nyuma ya goli. Yordani nasema huko Ulaya mchuaji iko nyuma ya goli. Mimi takaa na wewe. Kama naona, vizuri. Kama hapana ona, toka katika nyumba, rudi kata mkonge."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya tofali na bati, pekee katika kambi nzima, na Mdoe aliipata kwa kuwafundisha mpira watoto wa watu, kisha watoto wa watoto hao. Panga la mkonge aliliweka chini zamani, na mgongo wake ulikwisha kusahau namna ya kuinama.

Meneja alipoondoka, Mdoe alimgeukia Simeo. "Umeniua."

"Mimi? Mimi nilimwamkia mbuzi tu."

"Nenda zako. Usiniongeleshe."

Simeo aliweka ndoo chini. "Mtani, unanuna?"

"Nimenuna! Nitoze unachotaka!"

Hapo Simeo alijua mambo ni mazito. Katika miaka yao yote hakuwahi kusikia Mzigua akikiri kununa. Aliokota ndoo akaondoka polepole, na kwa mara ya kwanza hakupata tusi la kumwachia.

Jumapili uwanja wa Korogwe ulifurika. Timu ya Handeni ilikuja na malori, nyuma yake Wazigua wamejazana wakipiga ngoma. Mzee Tayabali wa duka la vitambaa alikaa kivulini amelipakata kombe alilolitoa, kama mjukuu. Simeo alikaa nyuma ya goli na ndoo yake. Mdoe alikaa benchini, Bwana Kofia kulia, Yordani kushoto, na mbele yake uji mtupu.

Refa alipuliza kipenga. Vivuli vikaanza kukimbizana.

"Mwalimu," Bwana Kofia aliuliza, "nani sasa na mpira?"

Mdoe alikohoa. Akakohoa tena. Kikohozi kilikuwa kinaelekea kuisha, na jibu halijaonekana, sauti ilipopasuka kutoka nyuma ya goli.

"We Mzigua! Umekaa kama gunia la muhogo! Mpira anao Mbaruku, wewe una nini? Una njaa tu!"

Uwanja ukacheka. Mdoe alivuta pumzi amrudishie, kisha akaisikia ile sentensi vizuri.

"Mbaruku, bwana," alisema kwa utulivu.

"Nyumbani kwako mlango wa kushoto uko wazi, kila mtu anaingia! Na fulbeki wako wa kushoto ndiyo hivyo hivyo!"

"Kushoto!" Mdoe akanguruma. "Fungeni kushoto!"

"Mkeo angekukimbia, angepita kulia, hakuna mtu kabisa!"

"Kulia! Pelekeni kulia!"

Mpira ukaenda kulia, Mbaruku akaondoka nao, na muda si muda wavu ulitikisika. Kambi nzima ikaruka. Bwana Kofia alimpiga Mdoe begani. Yordani aling'ata kipenga chake kipya.

Mdoe alikuwa anatukanwa kuliko siku yoyote ya maisha yake, akawa anameza kila tusi kama asali. Alitukanwa babu, akapanga mabeki. Alitukanwa kipara, akamwamsha golikipa. Kununa kote kulimtoka.

Lakini haikuwa na maana kufikiri kwamba Wazigua wa Handeni wangekaa kimya. Mnyamwezi mmoja, amekaa juu ya ndoo, anamtukana ndugu yao kuanzia dakika ya kwanza, na ndugu yao hajibu! Mwanamke mmoja mnene, Grasiana, muuza maandazi wa sokoni Handeni, alisimama juu ya lori.

"We mpagazi! Tua mzigo kwanza ndipo uongee!"

"Ametua zamani," mwingine akadakia, "ila shingo imebaki imepinda!"

Wanyamwezi wa kambini wangekubali? "Nyie wala mizizi! Mvua ya Handeni inawapitia juu kwa juu, inaona haya kuwaangukia!"

Basi tena. Upande huu ukatukana, upande ule ukajibu, ngoma ziliingia kati, na watu wengine waliupa mpira mgongo kabisa ili watukanane vizuri. Simeo alipiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamsimama, lakini sauti yake ilipotea kama punje kwenye pumba. Mdoe alitega sikio. Hakuna. Alikuwa haoni, na sasa hasikii. Handeni wakasawazisha, naye alijua kwa sababu tu Yordani alitabasamu karibu yake.

Kisha kelele zikapungua ghafla, na refa akapuliza. Kulikuwa na kivuli kimelala chini.

"Nani naanguka?" aliuliza Bwana Kofia.

Mdoe alikaza macho. Kule katikati Simeo alikuwa amekwisha ingia na ndoo, ameinama, sasa amesimama anapunga mikono kuelekea benchini. Hilo Mdoe aliliona kama tawi linalopeperushwa. Mchuaji anapopunga, anauliza: tumtoe, au aendelee? Mwalimu ndiye anayeamua. Akiinua mkono mmoja, mchezaji anafungwa kitambaa, anarudi kukimbia.

Yordani alisogeza mdomo. "Mwalimu anaona, bila shaka. Basi amjibu."

Kuinua mkono ilikuwa kazi rahisi. Angeinua, nyumba ingebaki yake, na Bwana Kofia angeridhika. Lakini kama lile tawi lilikuwa linasema mguu umekwisha? Mtoto wa watu angerudi kukimbilia mfupa uliopasuka, kwa sababu mzee mmoja anapenda bati.

"Bwana," alisema Mdoe, na sauti yake haikuwa radi hata kidogo, "mimi sioni. Sioni mpira, sioni goli, sijui aliyeanguka ni nani. Macho yangu ni yule Mnyamwezi."

Akainuka. Akaingia uwanjani kwa miguu yake, akifuata harufu ya dawa ya Simeo, ambayo siku hiyo ilifanya kazi yake kubwa kuliko zote. Nusura amkumbatie refa. Watu wakainuka kutazama; hakuna aliyewahi kuona mwalimu akiacha benchi.

"Umefuata nini huku?" Simeo alimwuliza chinichini. "Nimekupungia hadi kwapa zimeota upepo."

"Nimekuja kuona. Sogea."

Alipiga magoti, akaweka uso karibu. Alikuwa Mbaruku. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba na kugeukia upande usio wake.

"Mwalimu, naweza," Mbaruku alisema, meno yamebanana. "Nifungeni tu."

"Nyamaza. Kombe Tayabali atanunua jingine. Miguu haiuzwi."

Wakambeba pamoja, mwalimu kichwani na mchuaji miguuni, wakamtoa nje. Timu ikabaki pungufu. Handeni wakafunga la pili, wakafunga la tatu, na Grasiana akacheza ngoma juu ya lori hadi dereva akaomba huruma.

Baada ya Handeni kukabidhiwa kombe lao, Bwana Kofia alisimama mbele ya watu. Mdoe alikuwa amekwisha kuigawa nyumba moyoni. Kitanda apelekewe shemeji huko Mazinde, kuku wauzwe.

"Mimi nakaa benchi moja na Mwalimu," alianza Bwana Kofia. "Mimi iko na miwani, hapana ona mguu navunjika. Yordani hapana ona. Mwalimu naona kutoka mbali, nakwenda mbio, natoa mtu! Ile macho!"

"Bwana," Yordani aliingilia, "lakini mwenyewe alisema haoni!"

Bwana Kofia alicheka kwa furaha ya mtu aliyengoja nafasi hiyo miaka mingi. "Yordani, ile ni utani! Mzigua na Mnyamwezi. Mimi nauliza wazee, mimi najua. Wewe hapana jua desturi."

"Hasa!" wazee wakaitikia.

"Yordani, wewe chukua timu, wewe kijana. Mwalimu, kaa katika nyumba yako. Leo refa ilikuwa mbaya sana, kama hapana macho. Mwaka kesho, kombe yote, Korogwe na Handeni, refa ni wewe!"

Mdoe aliinua mikono yote miwili. "Bwana, kwa haki ya Mungu, mimi sioni!"

Uwanja ulilipuka. Wazigua walicheka, Wanyamwezi walicheka, Tayabali alifuta machozi kwa ncha ya shuka. Hata Mbaruku, mguu umefungwa mbao, alicheka akisema aa, uchungu, aa. Mdoe aliapa mara ya pili, wakacheka zaidi. Akaona bora anyamaze kabla hajapewa kazi nyingine.

Walirudi kambini nyuma ya lori, wamekaa juu ya magunia, ndoo katikati yao.

"Refa hakai benchini, mtani," Simeo alisema. "Anakimbia na mpira. Mimi nitakunong'oneza nikiwa wapi?"

"Refa ana washika vibendera wawili. Mmoja utakuwa wewe."

"Na wa pili?"

Mdoe aliufikiria ule uji wote uliokuwa unamngoja mwakani, uji wa Korogwe na uji wa Handeni. Kisha, taratibu, akaanza kutabasamu.

"Wa pili," alisema, "tutafute mtu anayejua mpira, maana wewe unajua mbuzi tu."