Upande wa Pili wa Blanketi

Blanketi lililolowa lina uzito wa ndama, na asubuhi hiyo Cresensia alikuwa na rundo zima, peke yake. Alisokota ncha moja. Ncha ya pili ikazunguka ikimfuata, maji yakabaki humo humo. Vidole vilishakufa ganzi. Maji ya Karatu mwezi wa Julai hayana huruma.

Mashine ya hoteli haikuyaweza mablanketi yale mazito. Yalikamuliwa na watu wawili, mmoja kila upande. Upande wa pili siku zote alikuwa Namelok, binti wa kijiji cha Piyaya aliyekuja mjini ng'ombe wa kwao walipokwisha. Sasa Namelok alikuwa amesimama nje ya uzio, aproni yake ya kazi kaivaa tayari juu ya shuka, akingoja jibu.

"Yeyo," aliita, kama anavyomwita mama yake mzazi. "Bosi ameshakuja?"

"Bado. Ngoja hapo hapo."

Kufukuzwa kwake kulimuuma Cresensia kwa sababu alijua kulikotoka. Uongozi ulikuwa umemleta mtaalamu wa kuboresha kazi, dada mmoja mpole aitwaye Salha, aje awapime kwa saa ya simu. "Fanyeni kama siku zote," aliwaambia. Nani hufanya kama siku zote mbele ya mgeni? Cresensia mwenyewe aliwaita watu wa bustani wabebe maji na wa jikoni waanike. Hata waliimba. Alidhani wakionekana hodari hakuna atakayeguswa. Chai ya saa nne ilikuta kamba zote zimejaa, na Salha akawapigia makofi.

Kisha uamuzi ukatoka: kazi ya watu wawili inayokwisha saa nne, mtu mmoja ataimaliza jioni.

Siku moja kabla ya asubuhi hiyo ya kukamua peke yake, Cresensia alikwenda ofisini kwa meneja, Muksini, kijana wa umri wa mwanawe.

"Bosi, siku ile tulisaidiwa."

"Kwa hiyo mlimdanganya mtaalamu, mama?"

Akisema ndiyo, naye anafukuzwa. Akisema hapana, Namelok harudi.

"Hapana, bosi. Ila blanketi halikamuliwi na mtu mmoja. Njoo uone."

"Sawa, kesho asubuhi nakuja. Nikiona kweli haiwezekani, namrudisha. Mimi sina neno na mtu, mama, ni mfumo tu."

Asubuhi ikapita, Muksini hakutokea. Jua lilipokuwa utosini akaja Felista wa vyumbani, mbio mbio.

"Mama, wageni wanapanda kutoka kreta ya Ngorongoro jioni, na vitanda viko vitupu! Bosi kasema mablanketi yakikosekana, na wewe ufunge virago."

"Nishikie upande huu, mwanangu."

"Siruhusiwi, mama. Siku hizi kila mtu na eneo lake." Akaondoka, hata machoni hakumtazama.

Cresensia alitazama njia ya ofisini. Hakuna mtu. Alimtazama Namelok, kisha nguzo ya chuma inayobeba simtanki la maji. Roho ilikataa. Ada ya shule ya mjukuu haikukataa. Akaifunga ncha ya pili kwenye nguzo, akaegemeza mwili wote nyuma, akasokota mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Maji yakamwagika kwa wingi.

"Ahaa!"

Muksini alikuwa nyuma yake, simu mkononi.

"Mama, wewe kiboko! Si ulisema haiwezekani?"

"Bosi, tazama mikono yangu. Nimelazimika tu, wageni..."

"Huu ndio ubunifu tunaoutafuta. Salha lazima auone, na matawi yote ya hoteli yataiga. Hebu rudia, nikurekodi. Geuka kidogo huku, mikono isionekane sana. Na ucheke, mama."

Cresensia alishika blanketi. Alijua wapi pa kutotazama, akatazama hapo hapo. Nje ya uzio, Namelok alikuwa ameinamisha kichwa, mikono nyuma ya kiuno, akihangaika kufungua fundo la aproni.

"Sokota, mama," alisema Muksini. "Inarekodi."

Akasokota.