Mlima Nyuma ya Shimo

"Sikuandika jina la mahali, shangazi! Hata neno moja!"

"Umepiga picha mlima, umeandika."

"Mlima ni wa wote."

"Mlima ni wa wote, shimo si la wote. Toa pikipiki, twende ukaone."

Anord akatoa pikipiki. Tangu aache shule kidato cha pili, hakuna mtu aliyemwamrisha jambo akalifanya, ila shangazi yake Odilia. Anord alikuwa mtu wa kuhangaika, asubuhi bodaboda, jioni anapiga picha hapo Mfaranyaki, kipaimara, maharusi, watoto wa watu, na zote anazilazimisha ziwe na mlima Matogoro kwa nyuma. Picha bila mlima, anasema, ni ya kitambulisho. Na shangazi naye ni vilevile: kila chungu anachofinyanga hukichora shingoni mstari unaopanda, unashuka, unapanda tena, mgongo wa Matogoro huohuo, kama alivyofundishwa na mama yake.

Udongo wake unatoka bondeni, mahali wanapopajua wanawake wanne tu. Kila mmoja huchimba wa kujaza beseni lake, wanafukia, wanatandaza majani juu, wanaondoka kama hawakufika. Anord alipelekwa kwa sababu goti la shangazi liligoma na beseni halikubebeka. Akapiga picha moja: shangazi kapiga magoti shimoni, mikono myeusi, mlima umesimama nyuma yake. Picha kali. Akaitupa mtandaoni. Siku tatu anasifiwa, hata usingizi hapati.

Sasa, bondeni wakakuta vijana sita na majembe. Shimo lilishakuwa uwanja. Ule udongo mweusi umekanyagwa pamoja na mchanga na mizizi, matofali yamepangwa mistari yanakauka.

"Mpiga picha wetu!" Derick akapaza sauti. Amekua na Anord mtaa mmoja. "Picha yako ndiyo imetuleta, mwanangu. Nimeishika simu hivi, natembea, natembea, mpaka mlima wa kwenye simu ukakaa sawa na mlima wenyewe. Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Shangazi akainama kwa taabu, akaokota bonge, akalifinya. Likamegeka. Akalidondosha.

"Nifinyange nini sasa? Mchanga?"

Anord akawaka. "Derick, tokeni hapa!"

"Hapa pa nani? Una hati?"

Hati atoe wapi?

"Au tuonyeshe kwingine, tuwaachie hapa," Derick akasema, anacheka. "Udongo kama huu hauwi mahali pamoja tu."

Na kweli kulikuwa na pengine. Siku ile ya picha, wakiwa njiani kurudi, shangazi alimwambia: mama yake alimwachia pa akiba, pa kwenda siku hapa pakiharibika. Wapi, hakusema. "Ukitulia nitakuonyesha," alisema, wakacheka wote, maana Anord na kutulia ni paka na maji.

Sasa shangazi hakumtazama hata usoni. Akajitwika beseni tupu.

"Narudi nyumbani," akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Panda nikupeleke, shangazi."

"Nina miguu."

Akaondoka anachechemea. Derick na wenzake wakarudia majembe yao. Ni Anord peke yake aliyemwona, pale njia inapogawanyika, akiipita ya kwenda nyumbani Mfaranyaki na kushika ile nyembamba inayopanda kwenye miti.

Mwili mzima ukamwasha. Atazame kidogo tu, ajue anapita kushoto au kulia ya lile jabali la juu. Na goti lile, nani atambebea beseni?

"Unaangalia nini huko?" Derick akauliza, akaanza kuinua kichwa.

"Hamna kitu. Hivi haya matofali mtayachoma kwa kuni za nani?" Derick akageukia matofali.

Akaupa mlima mgongo, akapita katikati ya matofali, akaenda zake kwenye pikipiki.