Mlango Unaoingia na Mgeni

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na kazi yangu hakuielewa mpaka siku aliponilazimisha niieleze kwa maneno yanayokaa mdomoni. Nilikuwa nimekwisha kujaribu mara mbili kumweleza kuhusu vipokezi, zile protini zilizopachikwa kwenye utando wa seli, na mara zote mbili alikata uzi kwa meno akaniuliza kama nimekula. Mara ya tatu nikamwambia, "Mama, seli ni nyumba. Insulini ni mgeni. Inafika nje inabisha hodi, na kipokezi ndicho mlango. Mlango ukiguswa, walio ndani wanapata habari."

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Halafu?"

"Halafu mlango wenyewe unang'oka, unaingia ndani pamoja na mgeni, wamefungwa katika kifuko kimoja."

"Mlango unaingia na mgeni."

"Ndiyo."

"Nyumba gani hiyo, mwanangu, mlango unamsindikiza mgeni hadi sebuleni? Na mwizi akija?" Akacheka mpaka akavua miwani. "Haya, nao ukishaingia, unarudi lini?"

Nilimwambia kwamba hapo ndipo penye utafiti wangu. Mingine hurudishwa juu ya utando ikatumika tena. Mingine hupelekwa kwenye chumba cha kuvunjiwa, na hiyo hairudi. Toka siku hiyo, kila nilipompigia simu kutoka maabara, hakuanza kwa salamu nyingine yoyote. "Milango yako haijambo?"

Kiharusi kilimkuta mguu ukiwa juu ya kanyagio. Walipompeleka hospitali, kola ya shati la mtu ilikuwa bado imebanwa chini ya sindano.

Alilazwa kitanda cha dirishani, penye pazia lililokosa kulabu tatu. Asubuhi ya kwanza niliinama sikioni pake nikasema, "Hodi, Mama." Lilikuwa neno letu sasa, na nilidhani likimfika atalijibu hata kwa kidole. Hakujibu. Niliupeleka mkono wangu ndani ya wake nikamwomba aubane. Wake ukalala pale kama kitambaa. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Daktari wa wadi alisema tusubiri, na aliposema hivyo aliangalia saa yake.

Siku ya nne asubuhi alikuja kaka yangu, fundi umeme, bisibisi ya kupimia umeme ikichungulia kwenye mfuko wa shati, mkononi ameshika mashuka safi.

"Umelala?" akaniuliza.

"Nimesinzia kwenye kiti."

"Nenda nyumbani, mdogo wangu. Leo nitakaa mimi."

"Utakaa saa moja. Halafu simu italia, utasema kuna nyumba imeungua soketi."

Hakubisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Akasema tu, "Punguza sauti. Mama atasikia."

"Hasikii," nikasema. "Siku ya nne hii nabisha hodi. Hakuna mtu ndani." Ningeishia hapo. Lakini uchovu una ulimi wake, nao ukaendelea: "Heri aende tu, nami nirudi kwenye kazi yangu."

Kaka alimfunika Mama shuka polepole, kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa waya asiojua kama una umeme. Nami nikachukua mkoba wangu nikaenda maabara kweli.

Tuna fundi sanifu pale ambaye sote tunamwita Barafu, kwa sababu hapiti mahali bila ndoo yake ya barafu. Kazi yetu huanzia katika ndoo hiyo. Seli zikiwa juu ya barafu, tunazimiminia insulini iliyotiwa rangi ya kijani inayong'aa. Kwenye baridi ile mgeni hushikamana na mlango, lakini mlango haujongei. Kisha tunazipasha hadi joto la mwili, na milango huanza kuingia kwa pamoja. Baada ya dakika kumi tunaziosha kwa maji yenye asidi, ambayo humbandua kila mgeni aliyebaki nje. Kinachong'aa baada ya hapo ni kile kilichokwisha kuingia.

Barafu alikuwa ameniandalia kisahani tangu asubuhi. Nilikipasha dakika kumi, nikakiosha, nikakiweka chini ya hadubini, nikaangalia. Giza. Nikasogeza kisahani kushoto, kulia. Giza. Nikaandika katika daftari la maabara, kwa wino: Hakuna mwitikio. Nikanyoosha mkono kuelekea ndoo ya taka.

"Daktari, unatupa nini?" Ananiita Daktari anapotaka kunitania.

"Zimekufa."

"Zimekufa, au umeangalia paa ukasema wenye nyumba wamehama?" Akaweka ndoo yake chini, akazungusha kirungu cha hadubini cha kulengea lenzi kwa kidole kimoja, chini ya nusu mzunguko. "Angalia sasa."

Niliangalia. Vitone vya kijani, mamia, vimekizunguka kiini cha kila seli kama shanga zilizomwagika. Nilikuwa nimeacha lenzi imelenga juu, kwenye utando wenyewe, mahali nilipokuwa nimekwisha kuosha.

"Mlangoni umepasafisha mwenyewe kwa asidi," Barafu akasema. "Ulitarajia umkute nani? Wako ndani wote. Na wanaongea bado. Si wewe uliyetufundisha?"

Ni mimi niliyewafundisha. Kwa miaka tisa nimesimama mbele ya wanafunzi nikiwaambia kwamba kipokezi hakinyamazi kwa kuwa kimeondoka juu ya utando. Kikiwa ndani ya kifuko huendelea kutuma habari, na asiyekiona nje asidhani hakipo. Nilivua glavu. Sikukumbuka kumwambia Barafu ninakwenda wapi.

Nilipofika wadini, muuguzi alikuwa anamwosha Mama mikono, akimsimulia habari za mjukuu wake anayekataa shule.

"Anakusikia?" nikamuuliza.

"Sijui, dada. Mimi husema naye tu. Kama hasikii, sijapoteza kitu."

Alipoondoka niliinama. Nikasema, "Mama, niliyoyasema asubuhi, yafute." Nikahamia upande wa pili wa kitanda nikayarudia kwenye sikio la pili, nisijue lipi ndilo lililo wazi. Kuanzia hapo nilikaa. Kwa siku saba nilimwambia kila kitu, kidogo kidogo: kwamba nampenda, kwamba mwenye shati amekuja kuulizia kola yake na kaka amemwambia asubiri fundi mwenyewe, kwamba milango haijambo. Na kila siku, angalau mara moja, nilimwomba afute.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, alifumbua macho. Kaka alikuwepo, muuguzi akamwinua kwenye mito. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelala. Nilisema, "Hodi, Mama."

Midomo yake ikajaribu, ikashindwa, ikajaribu tena.

"Karibu."

Kaka aligeukia dirisha. Nilimlowesha Mama midomo kwa pamba. Akaniangalia, nami namjua mama yangu, hakuwa akiangalia ovyo.

"Nilikusikia," akasema.

Nilifungua kinywa nimuulize ni neno lipi. Sikuuliza. Niliogopa jibu, na nikajidanganya kwamba jioni ipo. Nilisema tu, "Ahsante, Mama," kama mtu aliyepokea kifurushi asichothubutu kukifungua mbele ya mletaji. Kabla ya saa saba alikuwa amefumba macho tena. Alifariki kesho yake asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, na sikusikia ukibana.

Baada ya mazishi, tukiwa tunafunika cherehani, nilimuuliza kaka.

"Alisikia yapi?"

Alijua ninachouliza. "Ulisema naye siku saba, mdogo wangu. Lile ulilisema mara moja."

"Lakini lile lilikuwa zito."

"Mara moja," akarudia.

Yeye hesabu yake ni ya waya: kinachopita mara nyingi ndicho kinachopasha moto. Sikumwambia yale ninayoyajua mimi. Insulini ikija kidogo kidogo, milango mingi huingia ikarudi juu salama. Ikija kwa wingi, kwa mkupuo, mingi hupelekwa kwenye kile chumba cha kuvunjiwa. Na vitone vinapoingia, katika zile dakika za mwanzo, vyote vina rangi moja. Hata mimi, kwa hadubini yangu, siwezi kusema kipi kinaelekea wapi. Nilishika upande wangu wa kifuniko tukakivuta pamoja. Kola ya mtu bado ilikuwa chini ya sindano. Kaka alitaka kuitoa. Nikamwomba aiache kwanza.

Niliporudi maabara, kisahani changu kilikuwa kwenye jokofu. Barafu alikuwa amekihifadhi, na juu yake amebandika karatasi: *Wapo.* Hakutania. Alinipa pole, akasogeza ndoo yake, akaniachia kiti.

Nikafungua daftari. Katika maabara yetu kuna sheria moja ambayo mwanafunzi hufundishwa siku ya kwanza, kabla hajagusa chochote: kosa halifutwi. Huruhusiwi kulipaka rangi nyeupe wala kuchana ukurasa. Unalikata kwa mstari mmoja mwembamba, ili atakayekuja asome ulichokiandika kwanza, kisha unaandika sahihisho pembeni, na tarehe, na saini.

Nilichora mstari mmoja juu ya *Hakuna mwitikio*. Nikaandika pembeni: Upo, ndani. Lenzi ililengwa juu. Nikatia tarehe ya siku ile ya nne, kisha tarehe ya leo, nikatia saini.

Chini ya mstari, maneno ya kwanza yalikuwa bado yanasomeka vizuri.