Sidiria ya Kokwa

Kila alasiri, jua likishapoa, Mkaguzi alimtoa mbwa. Hakusema anamtembeza. Alisema anamtoa, kama mtu anavyotoa gari uani. Alikuwa amestaafu kazi ya kuwapima watu wanaoomba leseni ya udereva, na enzi zake aliwaangusha watu wengi kiasi kwamba mtaani kulikuwa na wanaume wazima waliokuwa bado wakipanda basi kwa sababu yake. Kila kona alisimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, kisha akaivuta kamba. Kufikia hapo mbwa alikuwa ameshaanza kuvuka. Kamba ilikaza, mkanda wa shingoni ukamkaba, naye akatoa sauti ya bata aliyemeza filimbi.

"Kosa," alisema Mkaguzi.

Mbwa mwenyewe hakuzidi kiatu cha mvua kwa ukubwa, na aliitwa Kokwa. Binti yao ndiye aliyemleta, siku alipohamia kwenye jengo lisiloruhusu wanyama. Alisema ni kwa muda tu. Kokwa alikuja na mkanda wake mwekundu wenye kengele, na Mkaguzi aliing'oa kengele siku ileile kwa sababu honi isiyo na dharura ni usumbufu.

Mke wa Mkaguzi alifanya kazi kwenye duka la miwani. Wateja walimwita Mama Miwani. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha fremu zinakaa: anamtazama mtu usoni, anapasha moto miguu ya miwani, anaikunja kidogo nyuma ya masikio, kisha anamwambia ainame, atingishe kichwa, acheke. Dukani alizungumza sentensi nzima, na kulikuwa na wazee waliokuja kulegeza miwani isiyobana ili wamsikilize tu.

Nyumbani alizungumza nusu. Haukuwa ugonjwa. Alianza vizuri, "Leo mwenye duka ameniita pembeni akaniambia kwamba," na Mkaguzi akauliza chumvi iko wapi, na sehemu iliyobaki ikaanguka chini ya meza. Walikuwa wameishi hivyo tangu binti yao hajaota meno. Mama Miwani alishazoea, na hakuinama kuokota.

Kikohozi cha Kokwa kilipozidi, walimpeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamke kijana mwenye mikono mikubwa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Mkaguzi kwa niaba ya wote wawili.

Daktari alimpandisha Kokwa mezani, akaweka kipimo cha kusikilizia kwenye koo. Alisikiliza kwa muda mrefu, amefumba macho. Kisha akamgeukia Mama Miwani.

"Mama, mwenye duka alitaka uwe nani?"

"Mbia wake. Lakini hiyo ni zamani sana."

"Basi hilo 'mbia' limekwama hapa, chini ya koromeo. Limemkalia vibaya." Alisogeza kipimo. "Hapa kuna 'lakini' nyingi. Hapa kuna mtu anauliza wifi yake ataondoka lini."

"Mbwa huyu hajamaliza hata mwaka kwetu," alisema Mkaguzi. "Dada yangu aliondoka zamani."

"Mnampa mabaki ya mezani?"

"Hata chembe. Ni kosa."

"Basi anajiokotea. Hawa wadogo wako karibu na sakafu, mzee, hakuna kinachowapita. Na nyumba iliyokaliwa muda mrefu huwa na mengi nyuma ya makabati." Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za minyoo. "Kuyala si shida. Shida ni hapa. Bomba la hewa la mbwa wa umbo hili ni laini kama mrija wa kunywea soda. Ukivuta mkanda wa shingoni, linabonyea. Maneno yanataka kutoka, njia hayaoni. Mvalisheni mkanda wa kifuani, ule unaopita mabegani na kuzunguka mbavu. Kamba ifungwe mgongoni. Shingo ibaki huru."

"Na mkanda wa shingoni una faida gani?" aliuliza Mkaguzi, ambaye alipenda kusikia upande wa pili ikiwa upande huo ni wake.

"Unashika kibati cha jina. Na mbwa anayetembea polepole na mwenzake, haumsumbui."

"Huyu ndiye anayevuta."

Daktari aliutazama mkono wa Mkaguzi, jinsi kamba ilivyozungushwa kwenye kiganja mpaka vidole vikawa vyeupe. Alikwenda kunawa.

Kwenye duka la vifaa vya wanyama, muuzaji aliwatolea mkanda wa kifuani wa rangi ya buluu. Mkaguzi aliuinua kwa vidole viwili.

"Hii ni sidiria," alisema.

"Ni mkanda wa kifuani, mzee."

"Ina kamba mabegani. Inabana mgongoni. Inabeba kifua. Kijana, mimi nimeoa, sidiria naijua."

"Mume wangu, daktari amesema shingo i—"

"Mbwa dume hatapita mtaani kwangu amevaa sidiria." Akachukua mkanda mwingine wa shingoni, mpana zaidi, wenye sponji ndani, akasema sponji ni maendeleo.

Sponji haikusaidia. Ilikaba kwa upole, basi. Kokwa alianza kuvimba chini ya taya. Usiku alilala ameinua kichwa, kama mzee mwenye pumu, na akijaribu kubweka kilitoka kipande tu, "na," au "kwa sababu," kisha kikohozi.

Wiki hiyohiyo mwenye duka la miwani alifungua tawi jipya karibu na hospitali. Alimwambia Mama Miwani kwamba anamtaka alisimamie yeye, na kwamba anangoja jibu Ijumaa. Mama Miwani alirudi nyumbani na sentensi ameipanga vizuri. Aliifanyia mazoezi ndani ya basi. Alingoja mumewe aweke kijiko chini.

"Mwenye duka anafungua tawi karibu na hospitali," alisema, "na anataka mimi ni—"

"Supu hii imepoa," alisema Mkaguzi.

Sehemu iliyobaki ikaanguka. Safari hii Mama Miwani alitazama chini, kwa sababu alikuwa akitafuta kitambaa chake, na akaiona inavyobingirika mpaka kwenye mguu wa kiti. Kokwa alitoka chini ya meza akaimeza. Iliteremka shingoni, ikafika kwenye mkanda wa sponji, ikakwama hapo, donge la ukubwa wa karanga. Kokwa alinyoosha shingo, akameza mate, akamtazama Mama Miwani kwa macho ya mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake na hataki kulalamika.

Kwa ajili yake mwenyewe Mama Miwani alikuwa hajawahi kulia. Alijiambia kila ndoa ina namna yake, na mumewe si mlevi wala hapigi. Lakini kumwona mwingine akisakamwa na maneno yake kulimtoa machozi. Aliyafuta kwa kitambaa kilekile, akaenda kuipasha moto supu.

Kesho yake, mapumziko ya mchana, alirudi kwenye duka la vifaa vya wanyama na Kokwa ndani ya kikapu. Alikataa kusaidiwa. Alimpima kifua kwa utepe wa dukani kwao, akamvalisha mkanda wa buluu, akaingiza vidole viwili kati ya mkanda na mbavu, akalegeza upande mmoja. Alimwambia Kokwa ainame. Kokwa akainama. Alimwambia ajitingishe, akajitingisha.

"Kucheka hawezi," alisema muuzaji.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Miwani.

Alasiri Mkaguzi alimkuta mbwa mlangoni amevaa sidiria.

"Nini hiki?"

"Ameshavaa. Ule wa shingoni nimeutupa. Akifa kwa kukabwa, utamwambia nini binti ye—"

"Nani kasema atakufa?" alisema Mkaguzi, lakini kamba akaichukua. Kilichobaki kilianguka kwenye zulia la mlangoni, Kokwa akakila, kikashuka bila kugota popote.

Kwenye kona ya kwanza Mkaguzi alisimama, akatazama pande zote, akavuta. Mkanda ulibeba uzito kwenye mbavu. Kokwa hakukohoa. Alifungua mdomo akasema, kwa sauti ya Mama Miwani, safi kabisa:

"Iko mbele yako, pembeni ya mkate."

Mkaguzi aliangalia mbele yake. Hakukuwa na mkate. Ikamchukua muda kuelewa kwamba hiyo ilikuwa chumvi.

Waliendelea. Penye nguzo ya umeme Kokwa alisema, "maana alituambia ni wiki mbili tu, na sasa amehamisha na kitanda." Mbele ya duka la dawa alisema, "sipendi rangi hiyo, niliinunua kwa sababu wewe unaipenda." Kwenye kona ya tatu kulikuwa na saluni, na Msusi alikuwa nje anachambua nywele za bandia kibarazani.

"Sauti ya Mama Miwani hiyo," alisema Msusi. "Hajambo?"

"Hajambo. Yuko nyumbani."

"Amepata mkanda mzuri, Kokwa. Mtoto wa watu alikuwa anakohoa huyu mpaka roho inaniuma." Alimsikiliza mbwa kidogo. "Mpe pole mkeo, Mkaguzi."

"Pole ya nini?"

Kokwa alikuwa katikati ya barabara. "Kwa hiyo," alisema, "nilikwenda kumzika mama peke yangu."

Mkaguzi alisimama. Alisimama palepale, katikati, bila kutazama kulia wala kushoto. Gari likapiga honi, likamzunguka. Dereva alikuwa mmoja wa wale aliowahi kuwaangusha, na alitoa kichwa dirishani akasema neno moja, naye Mkaguzi hakulisikia.

"Ilikuwa wiki ya mitihani," alimwambia mbwa. "Watu walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri."

Kokwa alinusa tairi la baiskeli iliyoegeshwa ng'ambo.

"Angenieleza vizuri, ningekwenda," alisema Mkaguzi.

Walizunguka mtaa mzima, na maneno yakaendelea kutoka, mengine madogo sana, kuhusu bomba linalovuja na viatu vya shule vya binti yao. "Mbia wake" lilitoka karibu na shule, limekauka kama ganda. La mwisho lilikuwa bichi. Kokwa alilitoa getini mwa nyumba: "nilisimamie, na mimi nataka, nangoja tu kukwambia."

Mama Miwani alikuwa jikoni, amesimama, mikono imeshika ukingo wa sinki. Alikuwa amesikia geti.

"Kokwa amesema," alisema Mkaguzi.

"Amesema nini?"

"Una tawi."

"Ndiyo." Aligeuka, akavuta pumzi. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa tayari kukiri. "Mume wangu, nataka kukueleza mwenyewe. Toka mwanzo nilikuwa nata—"

"Nimeshasikia yote, mama. Kubali. Mimi sina neno."

Akaenda kuvua viatu. Mama Miwani alibaki mdomo wazi. Maneno yalianguka karibu na sinki, mengi kuliko kawaida, na Kokwa alikaa chini akayala taratibu, moja baada ya jingine, kwa adabu, kama mgeni anayejua kwamba mwenyeji amejinyima.

Ijumaa alikubali. Tawi la karibu na hospitali lilifanya vizuri, na baada ya miezi michache kulikuwa na benchi la wazee nje wakingoja kulegezewa miwani. Mama Miwani alirudi jioni amechoka na amechangamka, na akaanza kusimulia. Mkaguzi alimsikiliza hadi katikati, kisha akainua kiganja kwa upole kabisa.

"Bakiza," alisema. "Mengine ataniambia Kokwa."

Hakuwa mtu mbaya, na baada ya kujionea mwenyewe alibadilika sana kuhusu mikanda. Aliwasimamisha watu barabarani wenye mbwa wadogo, akawaonyesha kwa kidole jinsi mkanda wa shingoni unavyobonyeza bomba la hewa, akalifananisha na mrija wa soda. Alisema wazi kwamba mtu anayemkaba kiumbe mdogo kiasi hicho hafai kupewa leseni. Hata neno sidiria alilitumia bila aibu. Binti yao alipopiga simu kuuliza kama anaweza sasa kumchukua mbwa wake, Mkaguzi alisema hilo haliwezekani, kwamba mbwa huyo ana kazi.

Siku moja alasiri alikuwa amesimama mbele ya saluni, anasubiri Kokwa amalize kunusa kizingiti ili aseme habari za jana. Msusi alikuwa na mteja mikononi, kichwa kimesukwa nusu.

"Mkaguzi," alisema, "nikuulize bila ubaya. Mkeo yuko nyumbani, ana mdomo, ana sauti nzuri kuliko watangazaji wa redio. Kwa nini usimsikilize yeye mwenyewe?"

"Ningemsikiliza," alisema Mkaguzi, na uso wake ulionyesha kwamba jambo hilo lilimsikitisha kweli. "Ni mwanamke mwema. Lakini ana tatizo moja, na nimelivumilia miaka yote. Hamalizi sentensi. Bila mbwa huyu nisingejua lolote linaloendelea ndani ya nyumba yangu."

Msusi aliweka kitana chini. Mteja naye aligeuza kichwa, pamoja na msuko wake.

"Mzee wangu," alianza Msusi, "hivi hujawahi kufi—"

"Haya, twende," Mkaguzi alimwambia mbwa.

Neno la Msusi likaanguka kizingitini. Kokwa alilinusa, akalila, nao wakavuka barabara.