Mgonjwa Aliyepakwa Wanja

"Nakuuliza tena, kiti cha magurudumu umekipeleka wapi?"

"Kiko kwangu, nimekikunja nyuma ya kabati. Hakijapotea."

"Na ndoo ya mama? Na pampasi? Na plastiki ya godoro?"

"Kwangu, kwangu, kwangu. Fundi, hebu shusha pumzi. Ulitaka mheshimiwa aingie akutane uso kwa uso na ndoo?"

"Ndiyo. Ndoo ndiyo niliyomwitia."

Nilikuwa kibarazani kwangu nimeshika kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima, na vidole vikagoma kuendelea. Ugomvi wa hawa wawili haupitwi hivihivi. Fundi ni mwanamke, fundi cherehani, mlango wake unatazamana na wangu. Mama Redio anakaa mlango wa pili, na jina hilo hakupewa kwa sababu ana redio. Asubuhi hiyo alimwambia Fundi nenda kapeleke sare za watu, Bibi nitakaa naye mimi. Fundi aliporudi alikuta chumba kimekuwa cha bibi harusi. Mapazia yamefuliwa, sofa imetandikwa kitambaa cha kuazima, udi unafuka, na mama yake mzazi, huyo tunayemwita Bibi, ameketishwa katikati, mtandio wa hariri kichwani na wanja machoni.

Ungemwona Bibi siku hiyo usingejua kuwa upande wake wote wa kushoto umelala tangu kiharusi kimpige. Mito ilikuwa imefichwa kila upande, chini ya kitambaa, ndiyo iliyomshikilia.

Nieleze kidogo, maana hasira ya Fundi haikuanza asubuhi ile. Baraza la mji lilijaribu mpango wa wahudumu wa nyumbani. Dada mmoja aliyesomea kazi hiyo alikuwa anakuja kwa Bibi kila asubuhi, anamwogesha, anamgeuza, anamnyoosha mkono, na Fundi anapata kushona. Kisha wakasema majaribio yamekwisha, dada akaondolewa. Kwenye bajeti hospitali ina fungu lake, barabara ina fungu lake, lakini mgonjwa anayelala nyumbani kwake mwaka mzima hana hata senti. Fundi na wenzake wanaouguza wakaanza kupiga kelele. Wameongea redioni, wamesimama na mabango mlangoni mwa baraza jua likiwachoma, wamezungushwa ofisi hii na ile mpaka soli za viatu zikaisha. Mwishowe mwenyekiti wa kamati ya fedha akasema atakuja aone kwa macho yake. Kura ya kuwarudisha wahudumu ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyo. Wakikataa, Fundi anafunga cherehani, na cherehani ndiyo inayomlisha Bibi.

Na sasa mtu wa kuona alikuwa njiani, na cha kuona kimefichwa nyuma ya kabati.

"Kirudishe kiti," Fundi alisema.

"Wageni hao," nikasema mimi. Gari lilikuwa limeshasimama.

Mheshimiwa aliingia na karani wake. Na sisi tukaingia, maana nani angebaki nje. Chumba kikajaa mpaka mlangoni. Mteja wangu naye akaja na nusu kichwa chake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaendeleaje?"

"Sijambo kabisa. Nyinyi hamjambo? Watoto wazima?"

Maneno mengine Bibi huyatafuta mpaka jasho linamtoka, lakini salamu ugonjwa haukumnyang'anya. Zilitoka zimenyooka kama za mwalimu wa darasa. Fundi alifumba macho.

"Bibi yuko vizuri kuliko mimi mwenye presha," mheshimiwa akasema, na watu wakacheka. Mama Redio alicheka kuliko wote.

"Mheshimiwa, huyu hasimami," Fundi alisema. "Hageuki kitandani. Mkono huo..."

Hapohapo Bibi akaanza kuteleza. Kabla mgeni hajageuza shingo, wanne tulikuwa tumeshafika, mmoja kwapani, mmoja kiunoni, wawili miguuni, tukamrudisha mahali pake bila hata mtandio kusogea. Tumezoea.

"Umeona?" mheshimiwa alimwambia karani. "Hiki ndicho ninachokisema kikaoni kila siku. Watu wetu wanatunzana. Ukileta fedha hapa, huu upendo utautia doa."

Karani akaandika. Mama Redio akatikisa kichwa kukubali, yaani akakubali kabisa. Nikamtazama Fundi, nikajua leo patachimbika.

"Mheshimiwa, kaa," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Wengine wote nje."

"Na sisi?" Mama Redio akauliza.

"Wewe wa kwanza."

Tukatoka. Fundi naye akatoka, akaketi kwenye cherehani yake kibarazani.

"Dada, unakwenda wapi?" mheshimiwa aliuliza kutoka ndani.

"Kazini. Hawa wana shughuli zao, wakishakwenda tunabaki mimi na mama. Leo baki wewe. Tena una msaidizi, mimi sina."

Alicheka kidogo, akidhani ni utani. Cherehani ikaanza kulia.

Dirisha la Fundi lina pazia jepesi, na kwa kuwa lilikuwa limefuliwa, lilionyesha ndani. Tuliona yote. Bibi aliteleza tena. Mheshimiwa akamshika mkono wa kushoto, akauvuta, Bibi akatoa mlio.

"Si huo," Fundi alisema bila kuinua kichwa.

Karani akashika miguu, mheshimiwa akakumbatia kifua, mito ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Wakamfikisha nusu, wakachoka, wakamweka sakafuni taratibu, wanahema kama waliobeba kabati. Wanja ulikuwa umeshuka mpaka shavuni. Kisha harufu ikaja, na Bibi akageuzia uso ukutani.

"Dada, ndoo mnaiweka wapi?"

"Muulize Mama Redio."

Hakuna aliyecheka. Fundi akasimamisha cherehani, akaingia, akavuta pazia zito. Alipomaliza kumsafisha mama yake, mheshimiwa alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja wangu, shati limelowa mgongo mzima.

"Njoo kikaoni Alhamisi asubuhi, uyaseme haya," alimwambia.

"Nimwache na nani? Mhudumu si mmemwondoa?"

Akajipangusa uso kwa leso.

"Kaseme wewe," Fundi akaendelea. "Sema mlikuwa wawili, wanaume wazima, na mama mmoja amewashinda. Mimi nimesema mpaka nimechoka kusikia sauti yangu."

"Nitasema."

"Haya. Na usiposema pia, kesho nitamgeuza mwenyewe, kama leo."

Karani alikuwa anakata kwa mistari yale aliyoandika. Wakaondoka bila mbwembwe. Kama atasema kweli, Alhamisi ndiyo itakayotuambia, na mimi simwekei mtu dhamana.

Nilirudi kwenye kichwa cha mteja wangu. Mchana ulipofika, nikaona Mama Redio ameketi mlangoni kwake, ametugeuzia mgongo. Kiti na ndoo alikuwa amevirudisha kimyakimya, akaviacha kizingitini.

Fundi akatoka na kijiko mkononi.

"Hataki kula," alisema.

"Mimi nimekwishaambiwa nimeharibu," Mama Redio akajibu ukuta.

"Umeharibu kweli."

"Wanja aliutaka mwenyewe. Bibi ndiye aliyesema, usiruhusu mwanamume wa watu anione hivi. Ningemkatalia, naye ni kama mama yangu?"

Fundi alikigeuzageuza kile kijiko.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwanika kwa mwanamume wa watu," alisema mwishowe.

"Sijasema."

"Nikipeleka kijiko anafunga mdomo. Anatazama ukuta. Ametamka jina lako, mara mbili, na unajua anavyohangaika kutamka."

Mama Redio akageuka nusu. "Na wewe bado una hasira na mimi?"

"Sana. Nimepakua sahani mbili, yake na yako. Ingia ule naye."