Siku Sita ambazo Hakuna Aliyezikosa

Mwaka 1996 Mwalimu Naftali alikuwa amefundisha takwimu miaka saba, na kila mwaka vijana wa kidato cha tatu walikokotoa wastani bila kosa. Siku moja akawauliza, "Mmepata watoto tano nukta tatu kwa kila nyumba. Maana yake nini?"

Mmoja akajibu, "Ndiyo jibu lenyewe, Mwalimu."

Jibu hilo lilimkosesha raha wiki nzima. Mwishowe akawapa daftari la mahudhurio la Januari na Februari, akawaambia watafute wastani wa siku ambazo mwanafunzi amekosa, waueleze kwa Kiswahili.

Wastani ulikuwa siku sita. Sinyati, binti mpole wa Oldonyo Sambu, alikaa akiangalia orodha, kisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hakuna hata mmoja aliyekosa siku sita. Ishirini na wawili hawakukosa, au walikosa siku moja. Kumi na nane wamekosa kumi na tatu, wengine zaidi. Hiyo sita ni ya nani?"

Miaka saba Naftali alikuwa akisubiri swali kama lile.

Walichora chati kwenye karatasi ya manila. Wakawagawa wale kumi na nane kwa mahali wanapoishi, na karibu wote walikuwa wasichana wa Usa River. Hapo hawakuhitaji hesabu tena. Tangu mashamba ya maua yafunguliwe, miezi hiyo miwili ndiyo ya kuvuna waridi za kupelekwa Ulaya, na vibarua huchukuliwa alfajiri. Eunike, aliyekaa dawati moja na Sinyati, alikuwa miongoni mwao.

Naftali akaipeleka chati kwa mkuu wa shule, Mama Pudensiana, akiomba wasichana hao wapangiwe masomo ya jioni kila msimu.

"Kazi nzuri," mama akasema. "Niletee na orodha ya majina."

Naftali akamwagiza Sinyati ayaandike, kisha akampa mkuu. Aliamini ni ya kuwasaidia.

Jumatatu majina kumi na nane yakasomwa mstarini. Wakaguzi walikuwa njiani, na kanuni ya utoro ilikuwa wazi: wote wakafukuzwa shule. Naftali alimfuata mkuu ofisini.

"Mama, sikukuletea watoro. Nilikuletea sababu."

"Sababu haina safu kwenye fomu ya wakaguzi, Mwalimu. Mimi pia sipendi."

Naftali aliandika barua wilayani, hakujibiwa. Akaenda Usa River mwenyewe, akamkuta Eunike akitoka kwenye mabanda ya nailoni, vidole vimechanwa na miiba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Rudi, nitakutafutia shule nyingine."

"Mama yangu ameshamwambia msimamizi wa shamba nitakuwa kibarua wa kudumu," alisema, akaangalia pembeni. "Ni kweli Sinyati ndiye aliyeandika majina?"

Naftali akasema ni yeye mwenyewe aliyemwagiza. Eunike aliitikia kwa kichwa, akawakimbilia wenzake.

Mwezi uliofuata wastani wa utoro haukufika hata siku moja, na Mama Pudensiana akampongeza Naftali mbele ya walimu wote.

Sinyati aliendelea kuja shule. Alikaa peke yake kwenye dawati, akikokotoa alichopewa. Naftali alipowagawia zoezi jingine la kukusanya takwimu, Sinyati alikuja mezani kwake, akaomba kwa sauti ya chini apewe namba zilizomo kitabuni tu.

Akampa ukurasa.