Chaza wa Majella

Serikali ilipotangaza kwamba inamwaga pesa kwenye chaza, kome na kaa ili nchi iuze zaidi ng'ambo, tulijaza fomu wawili: mimi na mdogo wangu Majella. Yeye akapata, mimi nikakosa. Nisiwafiche, wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kazi hii mimi ndiye niliyemfundisha. Miaka kumi na tisa nafuga chaza katika ghuba yetu hapa Donegal, yeye akisuka watu nywele mjini. Lakini fomu iliuliza, "Utakuaje katika miaka mitano?" nami kwa hasira nikaandika: "Kama chaza, polepole." Majella aliandika kurasa ishirini. Basi akajengewa banda, akapewa mashine ya kuchambua chaza kwa ukubwa, pamoja na nusu ya bei ya trekta jipya. Waziri alikuja kukata utepe. Nilikula sandwichi zao nne na sikupiga makofi.

"Noreen, hasira hasara," jirani yetu Packie aliniambia siku ile. "Peleka fomu nyingine."

"Nijazie wewe, msomi."

Mwezi wa nne wakampeleka Majella Ubelgiji, kwenye maonyesho ya vyakula vya baharini, asimame kwenye meza ya taifa. Kabla ya kuondoka alikuja jikoni kwangu.

"Dada, kuna Mfaransa anataka tani moja ya chaza. Akiwapenda, atachukua kila mwezi. Asipowapenda, benki inanimaliza kwa mkopo wa trekta. Jumanne ni bamvua, maji yatakupwa mbali. Nipandishie mifuko yangu ya chaza juu, wiki mbili tu."

Chaza aliyekulia chini, penye maji karibu muda wote, hajui kiu. Ukimtoa anaachama, maji yake yanamwagika, anafia njiani. Kwa hiyo kabla ya kumuuza tunampandisha juu pwani, ambako maji humwacha saa nyingi kila siku, mpaka azoee kujifunga. Kwetu jirani akisafiri unampandishia wake, hata kama hamsalimiani.

"Nenda, mdogo wangu," nikamwambia. "Chaza wako ni wangu."

Jumanne maji yalipokupwa nikapanda trekta lake, nikawasha. Kiti kikaanza kupata moto chini yangu. Jamani, kiti kinachopasha makalio. Miaka yote hiyo mimi nakalia bati la baridi, na huyu wa juzi serikali inampashia. Nikatazama mifuko yake mia moja na moyo ukaniambia: hata hiki. Nikazima. Nikapandisha mifuko yangu tu, kwa trekta langu bovu, nikaenda zangu nyumbani kunywa chai. Asiniambie mtu shetani alinipitia. Nilijua ninachofanya. Kesho yake bamvua lilikuwa bado, ningeweza kurudi, na sikurudi.

Wiki mbili zilipokwisha niliwatoa chaza wake majini asubuhi nikawapeleka moja kwa moja bandani. Mchana Majella akafika kutoka uwanja wa ndege, na viatu vyake vya mjini, amenibebea chokoleti. Akaokota chaza wawili akawagonganisha, kama nilivyomfundisha. Chaza mwenye maji yake hulia kama jiwe. Hawa walilia kama vikombe vitupu.

"Walikaa juu siku ngapi?"

"Hata moja."

"Uliumwa?"

"Sikuumwa."

Lori la Ufaransa lilikuwa limeshasimama mlangoni. Akatoka akamwambia dereva aende, kisha akampigia yule Mfaransa simu.

"Chaza hawako tayari," akasema. "Kosa ni langu. Nipe mwezi mmoja."

Akasikiliza, akashukuru, akakata.

"Amekataa. Atachukua kwingine."

Akavaa mabuti, akaanza kupakia mifuko kwenye tela awahi kuwarudisha majini kabla hawajafa. Nilingoja anitukane. Nilitaka sana anitukane, ili tuwe sawa. Yeye akaendelea kupakia. Na mimi, niliyemmaliza mdogo wangu kwa mkono wangu mwenyewe, nilisimama pale nikimwonea wivu upya, kwa jinsi alivyotamka "kosa ni langu" bila kumung'unya maneno. Mimi, dada yake mkubwa, mpaka leo sijamtamkia maneno hayo.